Aliyebaki Mlangoni: Kwa Nini Riwaya ya Maisha ya Chuo Hutushika

Shangazi yangu hakukanyaga chuo. Aliacha shule mapema ili wadogo zake wasome, na tangu hapo amekuwa msomaji wa kila kilichochapishwa kinachopita mbele ya macho yake. Mwaka juzi nilimwazima riwaya ya binti anayeanza mwaka wa kwanza chuo kikuu. Sikutegemea aimalize. Nilikiona ni kitabu cha vijana: mihadhara, chumba cha watu wanne, mapenzi ya kwanza, mitihani. Alikirudisha baada ya siku nne, na ukurasa mmoja alikuwa ameukunja pembe. Nikadhani ni ule wa barua ya mapenzi. Ulikuwa ukurasa wa mwanzoni kabisa, pale mama wa yule binti anapopanga nguo kwenye sanduku, anazitoa, anazipanga upya, kisha anazitoa tena, huku binti amesimama mlangoni na mwili wote umeshaondoka.

"Huyu mpanga nguo ni mimi," shangazi aliniambia. "Wote wanne niliwapangia. Mlangoni nikabaki mimi."

Kauli hiyo ilinivuruga mawazo niliyokuwa nayo kuhusu riwaya za aina hii. Siku zote nilijua zinapendwa. Watu huzisoma usiku mmoja, huzigawana, huzirudia. Nilikuwa na maelezo yangu mepesi: msomaji anajikumbuka. Aliyepita chuo anafungua kitabu na kurudi bwenini, anasikia tena mlango wa jirani ukibamizwa, basi. Maelezo hayo yana ukweli wake. Watafiti wa kumbukumbu wameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watu waliovuka umri wa miaka 40, wakiombwa wasimulie wanayoyakumbuka maishani mwao, hutoa mengi kuliko kawaida kutoka kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett naye, katika makala yake ya mwaka 2000, alipendekeza kwamba miaka ya 18 hadi 25 itazamwe kama kipindi chake chenyewe cha maisha, ambapo mtu si mtoto tena na bado hajajihesabu kuwa mtu mzima. Kwa hiyo mwandishi anayechagua chuo anachimba mahali penye rutuba.

Lakini shangazi hana bweni la kukumbuka. Wala mwanafunzi wa sekondari anayekisoma kitabu hicho kwa tochi ya simu hana. Wote wawili wameshikwa vilevile. Lazima kuna kitu kingine.

Ninavyoona mimi, kitu hicho ni ushahidi. Fikiri mtu alivyo nyumbani kabla hajaondoka. Amezungukwa na watu wanaojua kwamba alichelewa kutembea, kwamba aliogopa giza, kwamba akikasirika hunyamaza siku mbili. Hawezi kujifanya mwingine hata akitaka, na hawezi kupotea, kwa sababu kila anachofanya kina mtu wa kukipokea na kusema "ndivyo alivyo." Siku anayofika chuoni akiwa na sanduku lake, mashahidi hao wote wanakatika kwa mpigo. Hakuna hata mmoja chumbani anayejua jina lake la utani. Anaweza kusema anapenda asichokipenda. Anaweza kubadili namna ya kucheka. Anaweza kulia na asionekane, anaweza kushinda jambo kubwa na asiwe na wa kumwambia. Ni mara ya kwanza maishani anaishi bila mtu anayeweza kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Na mambo mazito hutokea hapohapo. Uamuzi wa kuacha kozi aliyochaguliwa na baba. Rafiki aliyemgeuka. Siku aliyogundua kwamba yeye si mwerevu kama shule yake ilivyomwaminisha. Mambo haya hayaandikwi gazetini, hayasimuliwi nyumbani, na ukiwa na miaka arobaini ni aibu hata kuyataja. Riwaya nzuri ya maisha ya chuo inakaa kwenye hicho chumba na kuyatazama yote kwa uzito uleule aliokuwa nao mwenyewe wakati ule. Haimwambii kwamba atakua na kusahau. Inamshuhudia. Msomaji aliyepitia anapata shahidi aliyechelewa miaka ishirini, lakini amefika. Na aliyebaki mlangoni, kama shangazi, anaonyeshwa kilichotokea upande wa pili, kile ambacho kwenye simu aliambiwa tu kwamba "huku salama."

Nizungumzie hiyo simu, maana humo ndimo ninapoipima riwaya ya aina hii. Karibu kila moja ina tukio la kijana kupiga simu nyumbani katika wiki za mwanzo. Mwandishi mvivu huandika hivi: *Alijisikia mpweke kupita kiasi. Machozi yalimtiririka mashavuni. Alihisi dunia nzima imemtupa.* Hapo tumeambiwa kila kitu na hatujaona chochote. Sasa tazama jinsi tukio hilohilo linavyoweza kuandikwa:

*Mama aliuliza nimekula nini. Nikataja nilichokula juzi. Akauliza wenzangu wa chumbani wakoje, nikamwambia wazuri, huku nikivitazama vitanda vitatu vya watu ambao majina yao nilikuwa bado nayachanganya. "Mbona unaongea chinichini?" "Wamelala," nikasema. Chumbani hapakuwa na mtu.*

Neno "mpweke" halimo. Machozi hayamo. Kuna uongo mdogo, "wamelala," ambao kijana ameutoa ili mama asisikie sauti yake inavyotetemeka, na kuna vitanda vitatu vitupu vinavyomkanusha. Msomaji anaijaza huzuni mwenyewe, na kwa kuwa ameijaza mwenyewe inakuwa yake. Watu wakisema riwaya fulani imeandikwa kwa moyo, nadhani wanachokusudia ni uangalifu wa namna hii. Mwandishi amemheshimu mhusika wake kiasi cha kumwachia siri zake.

Kiswahili kina nyenzo nzuri sana kwa kazi hii na natamani waandishi wetu waitumie zaidi. Kile kiambishi *ka*, *nikaamka, nikavaa, nikatoka*, kinasukuma mambo mbele mbiombio, na riwaya nyingi huenda nacho ukurasa hadi ukurasa mpaka msomaji anakata pumzi. Simulizi ya ujana inahitaji pia kusimama. *Nikivitazama vitanda*: hiyo *ki* ndiyo inayosimamisha saa, inayoturuhusu kuwa ndani ya tendo wakati tendo lingine linaendelea. Ukisoma simulizi ya nafsi ya kwanza iliyokushika, rudi uangalie mwandishi ameziweka wapi *ki* zake. Mara nyingi utazikuta palepale moyo wako ulipotulia.

Kuna jambo lingine ambalo chuo humpa mwandishi bila jasho, nalo ni kalenda. Mtunzi wa riwaya ya kijiji au ya mji mzima lazima ahangaike kutafuta mwanzo na mwisho wa hadithi yake. Wa chuo amekwishapewa: kufika, muhula, mtihani, likizo, muhula, matokeo, kuhitimu. Na kalenda hiyo ina ukatili ndani yake. Kila mtu anajua tangu siku ya kwanza kwamba miaka ni mitatu au minne na haiongezwi. Urafiki unaoanza pale kwenye foleni ya usajili unaanza ukiwa tayari umehesabiwa siku. Ndiyo maana tukio dogo kama watu wawili kukaa ngazini usiku kucha wakibishana juu ya Mungu linapata uzito ambao lisingeupata kwingine. Wao hawaoni mwisho. Msomaji anauona, na anasoma akiwa ameshika pumzi kwa niaba yao.

Katika kalenda hiyo sehemu ninayoiona tajiri kuliko zote ni likizo ya kwanza. Mwandishi asiyejua kazi huiruka, "baada ya likizo tulirudi chuoni," kana kwamba mambo yote yako darasani. Ila ukuaji hauonekani pale unapotokea. Mtu hupimwa dhidi ya kitu ambacho hakikusogea. Kijana anarudi, anakuta nyumba imekuwa ndogo, kitanda chake kimelaliwa na mdogo wake, na baba anasimulia kile kisa alichokuwa akikisimulia zamani, lakini safari hii kijana anagundua kina tundu. Anafungua kinywa amsahihishe, kisha anakifunga, au hakifungi. Riwaya nzima inaweza kugeuka katika sekunde hiyo. Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi aliliona hili mapema. Katika *Kichwamaji*, iliyotoka mwaka 1974, mhusika mkuu Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini kinachotuumiza ni pengo analolikuta kati yake na watu wake anaporudi kwao. Ile ni riwaya yenye giza, haina upole wa hizi ninazozizungumzia, na mwisho wake ni mzito. Hata hivyo somo lake la ufundi limebaki: ukitaka kuonyesha chuo kimemfanya nini mtu, mtoe chuoni.

Miaka zaidi ya sitini kabla ya hapo, mwaka 1908, mwandishi wa Japani Natsume Soseki alikuwa akichapisha gazetini, sehemu baada ya sehemu, hadithi ya kijana Sanshiro anayepanda treni kutoka mkoani kwenda kusoma Tokyo. Naitaja kwa sababu ya hiyo treni. Soseki hakuanza na lango la chuo. Alimweka kijana wake njiani kwanza, mikono mitupu kati ya sehemu mbili, akikutana na watu wanaojua dunia kuliko yeye. Ukilinganisha na ukurasa wa sanduku alioukunja shangazi, unaona waandishi wa zama na lugha tofauti wanakijua kitu kilekile: mlango una thamani kuliko chumba.

Wajerumani wana neno lao kwa riwaya ya makuzi, Bildungsroman, na hutajwa kila mara pamoja na kitabu cha Goethe kuhusu Wilhelm Meister kilichotoka mwaka 1795 na 1796. Aliyelianzisha neno lenyewe mwanzoni mwa karne ya 19 ni Karl Morgenstern, profesa wa Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Wengi wakilitumia huishia kwenye nusu ya maana: riwaya inayosimulia kukua kwa mhusika. Morgenstern alisema zaidi ya hapo. Kwake, riwaya ya namna hii humlea pia anayeisoma, tena kuliko riwaya nyingine yoyote. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayonigusa. Katika Kiswahili cha zamani neno *chuo* lilikuwa na maana ya kitabu; utendi maarufu wenye mswada wa mwaka 1728 uliitwa *Chuo cha Herekali*, yaani kitabu cha Herekali, mfalme wa Warumi. Wazee wetu waliona sawa kitabu na mahali pa kufundwa viitwe jina moja. Kwa mtu kama shangazi yangu, hilo lilikuwa kweli kwa maana halisi kabisa. Chuo alichokipata kilikuwa na kurasa.

Wakosoaji wana malalamiko yao, na mengine ni ya haki. Wanasema riwaya hizi hazina tukio: mtu anaenda darasani, anapenda, anaachwa, anafeli mtihani, anahitimu. Wanasema ni za kujionea huruma, kwamba matatizo ya mtu aliyepata nafasi ya kusoma ni matatizo ya anasa. Hoja ya pili siikubali. Uzito wa maumivu haupimwi kwa kulinganisha na ya jirani, na kijana anayejilaza kitandani siku tatu kwa sababu amegundua hajui tena anataka nini maishani anaweza kuwa katika hatari ambayo hakuna anayeiona. Kumwambia kuna wenye shida zaidi ni kumfunga mdomo. Riwaya inamfungua.

Hoja ya kwanza ina jibu lake katika historia ya kitabu kimoja. John Williams, mwandishi wa Marekani, alitoa *Stoner* mwaka 1965. Ni hadithi ya mtoto wa mkulima anayepelekwa Chuo Kikuu cha Missouri asomee kilimo. Katika darasa la lazima la fasihi mwalimu anasoma soneti, shairi la mistari kumi na minne, ya Shakespeare na kumuuliza maana yake. Kijana anashindwa kujibu; anasema "ina maana" na sentensi haimaliziki. Kuanzia hapo anaacha kilimo. Hakuna mauaji, hakuna siri ya familia. Ni maisha ya mtu tu, kutoka darasa hilo hadi kifo. Kitabu kiliuza takriban nakala 2,000 na mwaka mmoja baadaye hakikuchapishwa tena. Williams alikufa mwaka 1994 bila kujua kitakachofuata. Kilirudishwa madukani miaka ya 2000, mwaka 2011 mwandishi Anna Gavalda akakitoa kwa Kifaransa, na Ulaya nzima ikakipokea kana kwamba kiliandikwa jana. Mwaka 2013 duka la vitabu la Waterstones la Uingereza likakichagua kitabu cha mwaka, miaka 48 baada ya kutoka.

Stoner mwenyewe anazeeka, kwa hiyo sehemu kubwa ya kitabu imevuka ujana. Lakini kila msomaji niliyezungumza naye anaanzia kwenye darasa lile. Kijana ameulizwa swali, mwanga unaingia dirishani, anaitazama mikono yake ya kikulima, na kitu kinageuka ndani yake ambacho hana neno la kukiita. Nani atasema hapo hapana tukio? Tukio lipo, ila limetokea mahali ambapo kamera haingii. Hiyo ndiyo kazi ambayo riwaya inaifanya kuliko sanaa nyingine yoyote niijuayo, na maisha ya chuo yamejaa matukio ya aina hiyo.

Mahali ninapokubaliana na wakosoaji ni kwenye riwaya zinazodanganya. Ziko nyingi. Utaona mhadhiri katili asiye na sababu ya ukatili wake, rafiki wa pembeni asiye na kwao ambaye kazi yake ni kumpa mhusika mkuu ushauri, na sherehe ya kuhitimu inayotatua kila kitu, ambapo kofia zinarushwa juu na aliyekuwa ameumia amepona. Msomaji kijana hufurahi, kisha anahitimu yeye mwenyewe na kukuta asubuhi iliyofuata ni tupu. Kitabu kilimwahidi mlango na hapana mlango. Huko ni kumsaliti. Mwandishi mwaminifu hubaki hadi ile siku ya kuhama chumba, wakati kuta zimebanduliwa picha na kumebaki alama nne za gundi, na mtu anasimama na ufunguo mkononi asijue kama anapaswa kuhisi kitu. Aandike hiyo. Msomaji ataishukuru miaka kumi baadaye.

Upole nao una mipaka yake. Kumpenda mhusika hakumaanishi kumlinda na matokeo ya alichofanya. Riwaya iliyomshika shangazi ina sura ambapo yule binti anamcheka mwenzake wa chumbani mbele ya watu, kwa maneno ambayo hayawezi kurudishwa, kwa sababu tu anataka kukubalika na kundi lililokaa mezani. Mwandishi hakumwadhibu kwa ajali wala kwa kufeli mtihani. Alimwacha alale usiku huo kitanda cha juu, akisikiliza mwenzake wa chini anavyojitahidi kupumua taratibu ili ajulikane amelala. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Nilikumbuka mtu niliyemfanyia hivyo, na nilikumbuka kwamba sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Wiki kadhaa baada ya kurudisha kitabu shangazi alinipigia. Tuliongea ya nyumbani, afya, watoto, kisha akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, yule binti," akasema, "unadhani alikuja kumwambia mama yake ukweli? Kuhusu zile simu?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Najua hakisemi. Nakuuliza wewe. Wewe ulikuwa unanipigia."

Nilichelewa kujibu. Akaniomba, nikipita tena, nimletee kile kitabu, kuna mahali anataka kupasoma upya.